Umemaliza Shule: Sasa Utashika Kazi Gani?



Kila mwaka, siku matokeo ya Mtihani wa Serikali yanapotangazwa, vijiji vyetu vinajaa kelele za furaha. Kijana aliyefaulu anamwagiwa unga mweupe kichwani, ndugu zake wanamzunguka wakiimba, na mama yake anapiga vigelegele hata sauti inamkauka. Ni haki yao. Miaka 12 ya shule si mchezo. Mbuzi wameuzwa, maharagwe ya chakula yameuzwa, na pengine dada yake mkubwa ameacha masomo ili yeye apate kumaliza. Lakini unga ule unaoshwa jioni. Kesho yake asubuhi kijana anaketi barazani, karatasi yake mkononi, na watu wote wa nyumba wanamtazama. Hapo ndipo swali linapoanza: Sasa afanye nini?

Somo la leo ni juu ya swali hilo. Msiseme: sisi ni watu wa kijiji, hatuna diploma, somo hili halituhusu. Kwetu kijana hachagui kazi peke yake. Baba, mama, mjomba na shangazi, kila mmoja ana neno lake, na mara nyingi neno la wazee ndilo linaloshinda. Kwa hiyo wazee nao wanapaswa kufahamu vema mambo wanayoyashauri.

I. MAWAZO TULIYOACHIWA NA WAZEE

Mzee akimwambia mjukuu wake, «Soma, upate kuketi katika ofisi», hasemi upuzi. Anasema yale aliyoyaona kwa macho yake, au aliyosimuliwa na baba yake.

Zamani za utawala wa Wabelgiji, shule za msingi zilikuwa nyingi, shule za juu zilikuwa haba. Chuo Kikuu cha kwanza, Lovanium, kilifunguliwa karibu na Léopoldville (leo Kinshasa) mwaka 1954. Cha pili kilifunguliwa Élisabethville (leo Lubumbashi) mwaka 1956. Nchi ilipopata uhuru, tarehe 30 Juni 1960, Wakongo waliokuwa wamemaliza Chuo Kikuu walikuwa wachache mno. Wangeweza kuketi wote chini ya mwembe mmoja. Katika hali ile, aliyejua kusoma na kuandika Kifaransa sawasawa alikuwa mtu wa kutafutwa. Alifanywa karani, akavaa shati jeupe, akakaa kivulini, akapokea mshahara mwisho wa mwezi. Karatasi moja ilitosha kumlisha mtu maisha yake yote, kwa sababu wenye karatasi walikuwa wachache.

Leo sivyo. Mtihani wa Serikali ulianzishwa mwaka 1967, na siku hizi kila mwaka vijana mamia ya maelfu wanaufanya. Ofisi hazikuongezeka kwa hesabu hiyo. Basi ushauri uliokuwa wa kweli kwa babu unaweza kumpoteza mjukuu, ingawa babu hakusema uongo.

Lakini katika habari za zamani zile kuna jambo moja la kutufaa. Palikuwa na watu walioitwa wasaidizi wa daktari. Walisoma miaka mingi, walitibu, walijua magonjwa ya nchi hii kuliko wageni wengi, ila hawakuhesabiwa kuwa madaktari. Madaktari wengi wa Kibelgiji walipoondoka mwaka 1960, hospitali zilibaki karibu tupu. Ndipo zaidi ya mia moja wa wasaidizi wale walipopelekwa Ufaransa, kwa msaada wa Shirika la Afya Ulimwenguni, wakamaliza masomo yaliyobaki, wakarudi wakiwa madaktari. Tazameni: hawakungoja kazi kubwa wakiwa wameketi. Walikuwa tayari ndani ya kazi ndogo, nayo kazi ndogo ilikuwa imewafundisha nusu ya ile kubwa.

II. KAMPUNI ILIYOLISHA WATU

Ndugu zetu wa Katanga wanajua habari hii kuliko mimi ninayeiandika. Kampuni ya Union Minière ilianzishwa mwaka 1906 kuchimba shaba. Mwaka 1967 Serikali iliichukua, na baadaye ikaitwa Gécamines. Mfanyakazi wake alipewa nyumba, alipewa posho ya unga, watoto wake walisoma katika shule za kampuni, na mke wake alizalia katika hospitali ya kampuni. Baba akizeeka, mtoto aliingia mahali pake. Ni nani angemshauri kijana wa Likasi au Kolwezi kujifunza kazi nyingine? Angeonekana mwenda wazimu.

Mwaka 1986 Gécamines ilitoa tani zipatazo 476,000 za shaba. Mwaka 1990 sehemu kubwa ya mgodi wa Kamoto ilibomoka. Fedha za kutengeneza mitambo zilikuwa zimetumika kwa mambo mengine, na mwaka baada ya mwaka shaba ilizidi kupungua. Mishahara ikachelewa mwezi, ikachelewa mwaka. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walikubali kuacha kazi na kupokea fedha ya kuagana. Wengi wao hawakujua kazi nyingine iwayo yote, wala watoto wao hawakujua, kwa maana hakuna aliyewaza kwamba ukuta mkubwa kama ule unaweza kuanguka.

Siwalaumu watu wale. Walifanya kazi yao vizuri. Ila mzazi anayemwambia mtoto, «Ingia mahali fulani, hutasumbuka tena mpaka kufa», aulize kwanza: na mahali pale pakifungwa, mikono ya mtoto itakuwa inajua nini?

III. TAZAMA PENYE SHIDA

Namna moja ya kuchagua kazi, nayo si mbaya, ni kutazama ni kitu gani kinawasumbua watu wa mahali pako, kisha kujifunza kukiondoa. Nitatoa mfano mmoja kwa kirefu, kwa kuwa mara nyingi vijana wanaudharau.

Nyote mnajua ugonjwa wa migomba unaokausha mashamba. Ulitambulikana Kivu ya Kaskazini, upande wa Masisi, mwaka 2001, ukaenea mbali. Majani yanageuka manjano na kulegea kana kwamba yameunguzwa kwa moto. Ndizi zinaiva kabla ya wakati, na ukizikata ndani ni nyeusi nyeusi. Ukikata shina, baada ya muda linatoka tope la manjano kama usaha. Wengine wamesema ni uchawi wa jirani. Wengine wameng'oa shamba zima na kubaki bila chakula wala bia ya ndizi ya kuuza.

Sasa tuseme katika kijiji kile kuna msichana aliyesoma sehemu ya kilimo katika shule ya sekondari. Yeye anajua kwamba ugonjwa ule unaletwa na kijidudu kidogo kisichoonekana kwa macho. Wadudu warukao, wanaotafuta utamu katika ua la kiume, lile linaloning'inia chini ya mkungu, wanakichukua kutoka mgomba hata mgomba. Panga nalo linakichukua, kwa maana mtu anakata mgomba mgonjwa, kisha bila kuwaza anakata mzima. Tena kinasafiri ndani ya miche tunayopeana kwa ukarimu. Dawa ya kumwagia haipo. Lakini kazi ipo. Kichane cha mwisho cha ndizi kikiisha kutokea, ua lile livunjwe kwa mti wenye panda, si kwa panga. Panga lipitishwe motoni au lioshwe kwa maji ya Javel kabla ya kugusa mgomba mwingine. Shina lililougua likatwe chini kabisa usawa wa udongo, na kila linapochipuka likatwe tena. Miche isichukuliwe katika shamba lenye ugonjwa, na mbuzi wasiachwe kuzurura humo.

Mambo hayo si magumu. Ila kufahamu sababu yake, kuwaeleza wazee kwa heshima hata wakubali, na kurudi kila juma kutazama kama wamefanya, hiyo ni kazi ya mtu aliyesoma. Msichana yule akifanya hivyo katika mashamba kumi, la kumi na moja litamwita lenyewe. Atauliziwa juu ya maharagwe, juu ya kahawa, juu ya mihogo. Vyama vya wakulima vinahitaji watu kama yeye. Ikiwa siku moja anapenda kuendelea, viko vyuo vya kilimo, na kituo cha utafiti cha Mulungu katika Kivu ya Kusini kilikuwa kikishughulika na mazao ya milimani tangu zamani za Wabelgiji. Lakini hata asipoendelea, shamba la mama yake limepona.

Nasikia wasomaji wengine wakinung'unika: «Je, tumelipa shule miaka hiyo yote ili mtoto arudi kwenye jembe?» Nawajibu: harudi kwenye jembe lile lile. Anarudi akiwa na jicho.

Daktari Denis Mukwege, ambaye dunia yote inamjua tangu alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, alichagua kazi yake kwa njia hiyo hiyo. Alipokuwa mtoto alimfuata baba yake, aliyekuwa mchungaji wa Waprotestanti huko Bukavu, kwenda kuwaombea wagonjwa. Akaona kwamba baba anaomba lakini hana dawa ya kutoa. Akanuia kuwa mtu wa kutoa dawa. Alisoma udaktari Burundi, akafanya kazi katika hospitali ya Lemera, kwa nia ya kuwatibu watoto. Huko akaona wanawake wanafika kutoka mbali wakiwa wameumizwa na uzazi, wengine wamechelewa kabisa. Akabadili nia. Akaenda Angers, katika Ufaransa, kujifunza matibabu ya akina mama, akarudi. Mwaka 1999 alianzisha hospitali ya Panzi. Angalieni kwamba alichagua mara mbili, na mara ya pili ni kazi yenyewe iliyomfundisha kuchagua.

IV. MWALIMU, MUUGUZI, FUNDI

Ualimu ni kazi inayowafungukia vijana wetu upesi. Aliyemaliza sehemu ya ualimu katika sekondari anaweza kufundisha shule ya msingi. Anayetaka kufundisha sekondari anaendelea katika Chuo cha Juu cha Ualimu. Lakini haifai kumdanganya kijana. Tangu Septemba 2019, wazazi hawapaswi tena kulipa ada katika shule za msingi za Serikali, na madarasa yamejaa watoto. Ni furaha kubwa. Hata hivyo walimu wengi walikuwa wakiishi kwa fedha za wazazi, kwa maana majina yao hayakuwa katika orodha ya mishahara ya Serikali, nao walibaki mikono mitupu. Basi kijana anayeingia katika ualimu aulize mapema: shule hii ina nafasi yenye namba ya Serikali, ama nitafundisha miaka mingapi nikingoja? Na awe na shamba, ama cherehani, ama mizinga ya nyuki. Mtume Paulo mwenyewe alikuwa mwalimu mkubwa, akashona mahema ili apate chakula chake. Sioni aibu yoyote hapo.

Uuguzi vilevile una ngazi zake. Wako waliosoma katika shule ya sekondari ya uuguzi, na wako walioendelea katika Chuo cha Juu cha Mbinu za Matibabu. Kazi hii haimfai mtu anayeipenda kwa sababu ya koti jeupe. Kabla ya kulipa ada, kijana aombe ruhusa kukaa usiku mmoja katika zahanati ya misioni, abebe maji, aone damu, asikie mtu akilia. Kesho yake atajua.

Juu ya ufundi nitasema machache, kwa kuwa faida yake inaonekana bila maneno: mwashi, seremala, fundi wa umeme, fundi wa magari, fundi cherehani. Kuna Chuo cha Taifa cha Matayarisho ya Ufundi, INPP, kilichoundwa mwaka 1964, chenye nyumba zake katika miji mikubwa, nacho kinafundisha kazi hizo kwa muda mfupi kuliko Chuo Kikuu. Jambo linalonikera ni hili: tunamsifu fundi anapotutengenezea mlango, lakini binti akileta mchumba seremala, tunauliza kama hakuna karani. Tena tunawafungia wasichana katika cherehani peke yake, kana kwamba mikono yao haiwezi kushika nyaya za umeme au matofali. Inaweza.

V. MAZUNGUMZO YA MJOMBA NA MPWA

Mazungumzo haya tumeyatunga, lakini kila mmoja wenu ameyasikia katika nyumba fulani.

— Jambo, Mjomba.

— Jambo sana, mwanangu. Keti. Nimesikia umefaulu. Habari ilifika hapa kabla hujafuta unga kichwani.

— Asante, Mjomba. Ndiyo sababu nimekuja. Nataka kwenda mjini kusoma sheria. Mama hana kitu. Amenituma nikuulize juu ya lile shamba la migomba la bondeni.

— Kuniuliza nini juu yake?

— Kama tungeweza kuliuza.

(Mjomba alinyamaza kidogo, akaondoa majani makavu miguuni pake.)

— Shamba lile linalisha watu wangapi?

— Sita, pamoja na bibi.

— Na masomo ya sheria ni miaka mingapi?

— Mitatu ya kwanza, kisha miwili. Jumla mitano.

— Vema. Bei ya shamba italipa nini? Hesabu nawe.

— Italipa ada ya Chuo... na kodi ya chumba... na chakula...

— Na karatasi za masomo ambazo walimu wanawauzia, na safari, na dawa ukiugua. Bado tuko katika mwaka gani?

— Wa kwanza, Mjomba. Labda na nusu ya ule wa pili.

— Na miaka mitatu na nusu inayobaki?

— Mungu atasaidia.

— Amekwisha kusaidia: amekupa akili ya hesabu. Mwaka wa pili utarudi bila diploma, nasi tutakuwa bila migomba. Niambie, katika sekondari ulisoma sehemu gani?

— Ualimu. Na siku za majaribio nilifundisha darasa la nne. Watoto walinipenda. Lakini Mjomba, mwalimu halipwi! Rafiki yangu amekwenda Kamituga kuchimba dhahabu, amekwisha kununua pikipiki.

— Mmoja amenunua pikipiki. Mwezi wa Septemba 2020 mvua ilijaza mashimo huko huko Kamituga, na makumi ya wachimbaji hawakutoka. Mama zao nao walikuwa wakingoja pikipiki. Hebu niambie kweli: kwa nini sheria? Kwa ajili ya gari?

(Kijana aliinamisha kichwa. Alikawia kujibu.)

— Baba alipokufa, yule jirani alileta karatasi yenye mhuri, akasema shamba la mlimani ni lake. Hakuna mtu katika nyumba yetu aliyeweza kusoma maneno yale. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Nilisema moyoni: siku moja nitayasoma.

— Hilo hukuniambia.

— Hukuniuliza, Mjomba.

— Ni kweli, sikuuliza. Basi sasa nasema hivi. Shamba la bondeni sitaliuza. Lakini nusu ya mavuno yake itawekwa kando kwa ajili yako, mwaka huu na mwaka ujao. Wewe utaomba kufundisha katika shule ya misioni, na siku zisizo za kazi utakwenda kwenye baraza la mahakama kuketi na kusikiliza kesi za mashamba. Utamwona karani wa mahakama anafanya nini. Baada ya miaka miwili, ukiwa bado unataka, utakwenda mjini na fedha mkononi.

— Miaka miwili ni mingi, Mjomba. Wenzangu watanipita.

— Watakupita, ndiyo.

Kijana aliaga, akaenda zake bila furaha. Njiani alipita karibu na shamba la mlimani, lile lililochukuliwa, akasimama akalitazama.

Sisi hatusemi kwamba mjomba alikuwa na haki yote. Labda kijana akingoja atavunjika moyo, ataoa, atasahau sheria. Labda palikuwa na njia ya tatu ambayo wote wawili hawakuiona. Jambo moja tu ni wazi kwetu: wangeuza ama wangekataa kuuza bila kujua sababu ya kweli, kama mjomba asingeuliza lile swali la mwisho.

MAULIZO
(Yajibiwe pamoja, baada ya somo kusomwa mara mbili)

1. Kwa nini karatasi ya shule ilitosha kumpa mtu kazi zamani, na leo haitoshi?

2. Wasaidizi wa daktari waliwezaje kuwa madaktari baada ya mwaka 1960?

3. Ni nani hapa mwenye ndugu aliyefanya kazi katika kampuni iliyofungwa au iliyoacha kulipa? Atusimulie alivyoishi baadaye.

4. Taja njia tatu ambazo ugonjwa wa migomba unaenea. Je, katika kijiji chetu ni nani anayepitisha panga motoni?

5. Katika nyumba yako, msichana na mvulana wakifaulu pamoja na fedha ikatosha mmoja tu, mtafanyaje? Mtajuaje kwamba mmefanya haki?

6. Wewe ungekuwa mjomba, ungejibu nini juu ya shamba la bondeni? Wewe ungekuwa mpwa, ungekubali?